Meno ya Kinga

Tazameni watu wanaoleta makala mjini Lubumbashi. Kila mtu ana kinga yake, na magunia yamefungwa juu yake mpaka mwenyewe karibu haonekani. Wakifika mlimani wanaisukuma kwa mikono, kichwa chini, jasho linatiririka. Mzigo ni sababu moja. Sababu nyingine ni meno.

Meno gani? Simamisha kinga, uitazame vizuri. Penye pedali kuna duara ya chuma yenye meno. Penye gurudumu la nyuma kuna nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza. Mnyororo unaziunganisha zote mbili. Hesabu meno, lakini kwanza funga uzi kwenye jino la kuanzia, usije ukalihesabu mara mbili.

Tuseme mbele ni meno 48, nyuma ni 16. Pedali zikizunguka mara moja, mnyororo unavutwa kwa meno 48. Huko nyuma yanapita 16, tena 16, tena 16. Basi gurudumu limezunguka mara 3.

Sasa piga alama ya chaki juu ya mpira wa nyuma, pale unapogusa chini. Sukuma kinga polepole mpaka alama irudi chini, halafu pima njia. Kwa kinga kubwa ya kazi utapata karibu metre 2.20. Mara 3 ni metre 6.60. Ndiyo njia unayokwenda kwa kuzungusha pedali mara moja.

Fundi akiondoa meno 16 na kutia 24, gurudumu litazunguka mara 2 tu, yaani metre 4.40. Umepoteza? Hapana, mguu sasa unakanyaga kwa nguvu ndogo zaidi. Lakini katika kilometre moja utazungusha pedali mara 227, na zamani ilikuwa 152. Nguvu unayoipunguza, unailipa kwa kuzungusha.

Basi tuchague namna gani? Watu wengi wanajaribu kinga bila mzigo, mbele ya nyumba ya fundi, penye njia ya sawasawa. Inaruka kama swala, nao wanafurahi. Wanasahau magunia! Usiulize njia nzuri, uliza mlima unaoupanda kila siku, na mzigo wako juu. Kama magoti yanauma jioni, meno ya nyuma ni machache mno. Kama miguu inazunguka upesi sana penye sawasawa na kinga haiendi, ni mengi mno.

Hata mabingwa walikuwa na shida hiyo. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903. Mkubwa wake, Henri Desgrange, alikataza mabingwa kutumia chombo cha kubadili meno njiani, na ruhusa ilitoka mwaka 1937 tu. Kabla ya hapo, gurudumu la nyuma lilikuwa na meno upande huu na upande huu. Chini ya mlima mtu alishuka, akalitoa gurudumu, akaligeuza, akapanda kwa meno mengi. Juu akaligeuza tena. Lakini Eddy Merckx, Mbelgiji, alikwenda kilometre 49.431 kwa saa moja huko Mexico mwaka 1972 kwa meno 52 mbele na 14 nyuma. Huko ni uwanja wa mashindano, hakuna mlima wala gunia.

Ukibadili meno, angalia mnyororo. Meno yakizidi, pengine mnyororo utakuwa mfupi, na fundi ataongeza vipande. Katikati ucheze kidogo, kama upana wa kidole. Ukilegea sana utatoka. Na kama breki yako ni ile ya kukanyaga nyuma, mnyororo ukitoka mtelemkoni, huna breki.

Hesabu. Kinga ina meno 44 mbele na 22 nyuma. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda metre 2.20. Toka nyumbani mpaka shuleni ni metre 2,200. Pedali zitazunguka mara ngapi?