Fahamu: Skull and Bones, chama cha siri cha Yale

Katika High Street, mjini New Haven, limesimama jengo la mawe mazito, lenye sura ya hekalu la kale, lililojengwa mwaka 1856, ambalo wanachuo wa Chuo Kikuu cha Yale hawaliiti ila Kaburi. Humo hukutana Skull and Bones, chama kilichoasisiwa mwaka 1832 na William Huntington Russell pamoja na Alphonso Taft, ambaye mwanawe, William Howard, alikuwa mwanachama kabla ya kushika urais wa Marekani.

Kila mwaka huteuliwa wanachuo 15 wa kuingia mwaka wa mwisho, kwa desturi ya zamani ya kupigwa bega, kisha hula yamini ya kutunza siri. Wengi hustaajabia ibada za gizani. Kwa rai yangu, ajabu kubwa ni orodha ya majina, kwani katika uchaguzi wa urais wa mwaka 2004 George W. Bush, ambaye baba yake naye alikuwa mwanachama, alishindana na John Kerry, na wote wawili, walipoulizwa katika televisheni, walikataa kukifafanua chama chao.

Wanawake walikubaliwa mwaka 1991 tu, licha ya wazee wa chama, kwa ghadhabu, kubadilisha kufuli za Kaburi ili kuzuia jambo hilo.