Hati za Kupoza Dunia: Mnunuzi Hupata Nini?

Mtumiaji anayetaka kupunguza athari za shughuli zake kwa tabianchi hukutana mtandaoni na bidhaa nyingi zinazomwahidi kufanya hivyo kwa malipo. Zilizozoeleka ni hati za kaboni: mnunuzi hulipia upandaji wa miti au ugawaji wa majiko banifu, naye huhesabiwa kuwa amefidia kiasi fulani cha hewa ukaa. Tangu mwaka 2022 ipo bidhaa nyingine inayofanana na hizo kwa jina na kwa namna ya kuuzwa, lakini yenye asili tofauti kabisa.

Kampuni changa ya Marekani iitwayo Make Sunsets huuza kile inachokiita hati za kupoza. Ilipoanza, hati moja iliuzwa kwa dola 10 za Marekani. Kwa fedha hiyo, kampuni iliahidi kurusha kwa puto gramu 1 ya salfa dioksidi hadi tabaka la juu la anga, ikieleza kuwa gramu hiyo hufidia joto linalosababishwa na tani 1 ya hewa ukaa kwa mwaka mmoja. Msomaji ayaangalie vizuri maneno matatu ya mwisho.

Wazo lenyewe halikubuniwa na wafanyabiashara. Mwezi Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha angani tani milioni 15 hadi 20 za salfa dioksidi. Gesi hiyo iligeuka kuwa chembechembe zilizorudisha sehemu ya mwanga wa jua angani, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa takribani nyuzi joto 0.5 za Selsiasi kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Kuiga mlipuko huo kwa makusudi ni mojawapo ya njia za uhandisi wa tabianchi, na wapo wanasayansi wanaoichunguza kwa dhati.

Tatizo la kwanza kwa mnunuzi ni muda. Chembechembe hizo huanguka ndani ya mwaka mmoja au miwili, ilhali sehemu kubwa ya hewa ukaa hubaki angani kwa karne nyingi. Aliyenunua hati moja yuko katika hali ya mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mmoja: mwaka ukiisha, hewa ukaa yake ingalipo na malipo yanaanza upya, kwake na kwa wajukuu wake. Na iwapo dunia ingeitegemea njia hii kwa kiwango kikubwa kisha ikaiacha ghafla, joto lililozuiliwa lingerejea kwa kasi katika miaka michache, pengine kabla wakulima na wanyama hawajapata muda wa kuzoea.

La pili ni uthibitisho. Anayenunua kilo ya sukari na kuitilia shaka anaweza kuipeleka kwenye mizani nyingine. Kwa bidhaa hii hakuna mizani ya pili. Puto za kwanza, zilizorushwa Baja California nchini Mexico mwaka 2022, hazikuwa na vifaa vya ufuatiliaji, na mwanzilishi wa kampuni, Luke Iseman, alikiri hivyo kwa waandishi wa habari. Hata gramu ikifika ilikokusudiwa, hakuna kipimajoto kiwezacho kuonesha ubaridi wake. Januari 2023 serikali ya Mexico ilitangaza kupiga marufuku majaribio ya aina hiyo, ikieleza kuwa yalifanyika bila taarifa wala ridhaa. Aprili 2025 mamlaka ya mazingira ya Marekani nayo iliitaka kampuni hiyo itoe maelezo ya kina kuhusu shughuli zake.

La tatu linawagusa wasionunua chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kuwa misimu mitatu kati ya minne yenye ukame mkali zaidi katika ukanda wa Sahel, kati ya mwaka 1901 na 2010, ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkano katika nusu ya kaskazini ya dunia. Kupoza upande mmoja huweza kusogeza mvua ya upande mwingine. Chembechembe za Pinatubo pia zilichangia kupungua kwa tabaka la ozoni. Ndiyo maana mawaziri wa mazingira wa Afrika, walipokutana Addis Ababa Agosti 2023, walitaka uwekwe utaratibu wa kimataifa wa kutotumia teknolojia hii. Mataifa yaliujadili mwongozo wake jijini Nairobi mapema mwaka 2024, yakaachana bila azimio.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji iwapo bidhaa yake huondoa hewa ukaa angani au huzuia mwanga wa jua tu, kwa muda gani, na nani asiyekuwa yeye aliyepima matokeo. Uliza pia ni nchi ipi iliyotoa kibali, na nani atakayelipa madhara yakitokea; maswali haya mawili huwa na majibu mafupi mno. Hifadhi risiti pamoja na picha ya ukurasa wenye ahadi kama ulivyokuwa siku ya malipo, kwa kuwa maneno ya mtandaoni hubadilishwa, na kumdai muuzaji aliye nje ya nchi ni kazi ngumu. Kwa miradi ya kaboni ya Tanzania, taarifa huweza kuulizwa katika kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.