Je, Wajua? Watoto walioambiwa wana kigugumizi

Mwaka 1939, huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, watafiti waliwatumia watoto 22 wa kituo cha yatima kuchunguza chanzo cha kigugumizi. Sita kati yao walizungumza vizuri kabisa, lakini waliambiwa wameanza kuwa na kigugumizi, na kwamba wasiongee kama hawawezi kuongea sawasawa. Baadhi wakaanza kukwepa kuzungumza hata darasani. Watoto walidhani wanasaidiwa! Hawakuwa na mzazi karibu wa kuhoji, na kuwatumia hivyo ni ukatili. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001. Mwaka 2007 jimbo likakubali kulipa fidia ya dola 925,000. Mtafiti akimtaka mwanao, muulize kwanza anatafuta nini, na kama mtoto anaweza kukataa.