Damu yako hujuaje palipo na jeraha?

Je, umewahi kudungwa na msumari asubuhi, kufikia jioni mguu ukawa umevimba, una moto na unauma? Usidhani mwili umeshindwa. Hiyo ni ishara kwamba askari wamefika.

Askari hao ni chembechembe nyeupe za damu. Viini vinapoingia kidondani, seli zilizoumia hutoa kemikali. Mojawapo, interleukini-8, iligunduliwa mwaka wa 1987. Kemikali hizi huwa nyingi karibu na kidonda na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Chembechembe nyeupe hujipenyeza nje ya mshipa wa damu na kuelekea zilikozidi, kama wewe unavyofuata harufu ya nyama choma hadi ukafika kibandani. Zikifika, humeza viini. Usaha unaouona una maelfu ya zile zilizokufa vitani.

Mwanasayansi Ilya Mechnikov aliona jambo hili mjini Messina, Italia, mwaka wa 1882. Alichoma mwiba katika kiluwiluwi cha kiti cha pwani, na kesho yake akakuta seli zimeuzingira. Mwaka wa 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Lakini ikiwa unaugua kisukari, tahadhari! Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, askari hawa huwa wazito kuitikia mwito, na hata wakifika hupigana kwa unyonge. Isitoshe, neva za miguu huharibika, hivyo hutahisi uchungu. Kidonda kidogo huweza kuoza kimyakimya hadi mguu ukatwe.

Kwa hivyo, usingoje maumivu. Kila jioni kagua nyayo zako na katikati ya vidole. Ukishindwa kuinama, mwombe mwanao akutazamie. Usitembee miguu mitupu, hata nyumbani. Ukiona mchubuko, uoshe kwa maji safi na sabuni, uufunike, kisha umwone daktari mapema.

Nawe usiye na kisukari, usikamue jipu. Utasukuma viini ndani zaidi. Ukidungwa na msumari, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Uvimbe ukienea au ukipata homa, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Askari wako wameomba msaada.