Ulipiapo mchezo wa video, unanunua nini?

Tarehe 31 Machi 2024, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva zilizouendesha mchezo wake wa mbio za magari uitwao The Crew. Mchezo huo ulikuwa umetolewa Desemba 2014, na watu waliulipia kama wanavyolipia mchezo wowote mwingine mkubwa. Kwa kuwa uliundwa usichezeke pasi na mtandao, hata na mtu aliye peke yake chumbani, diski zake zote ziligeuka siku hiyo kuwa vipande vya plastiki. Diski haikukwaruzika, mashine haikuharibika, wala mwenye nayo hakuvunja sharti lolote. Aliyeuza ndiye aliyeamua kwamba basi.

Wanasheria watakiita kisa hiki cha mkataba, na mafundi watakiita cha kompyuta. Mimi nakiona kuwa kisa cha kitenzi. Kiswahili hakikosi maneno ya kupambanua namna mtu anavyokipata kitu: tunanunua shamba, tunapanga nyumba, tunakodi baiskeli, tunaazima kitabu, tunakopa pesa. Kila kitenzi huja na masharti yake. Kilichoazimwa hurudi chenyewe, kilichokopwa hurudi kwa thamani yake, kilichopangwa kina mwenye nyumba na kodi yake ya kila mwezi, na kilichonunuliwa hakirudi kwa mtu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, yaani Sura ya 31, inashika maana iyo hiyo: kuuza ni kumhamishia mnunuzi umiliki wa bidhaa kwa bei.

Sasa fungua duka la michezo katika mtandao. Kitufe kinasema ununue, ilhali masharti marefu yaliyo chini yake, ambayo ni nadra mtu kuyasoma, yanasema kwamba umepewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia inayoweza kuondolewa. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomtaka mwenye duka la dijitali atumiaye neno hilo amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Si jambo la kila siku bunge kuketi kujadili maana ya kitenzi.

Msomaji atauliza haya yanamhusu nini mwalimu wa Kakamega au mwanafunzi aliye bwenini Eldoret. Yanamhusu kwa sababu ya pesa. Mashine ya PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 iliuzwa Marekani kwa dola 499, na ile isiyo na mahali pa kutia diski kwa dola 399. Desturi ya vifaa vya namna hii ni kushuka bei kadiri vinavyozeeka. Hii ilifanya kinyume: Agosti 2025, ikikaribia kutimiza miaka mitano, ilipandishwa hadi dola 549, na nduguye asiye na diski akafikia dola 499. Kwa kiwango cha mwaka huo cha shilingi takriban 129 kwa dola, ile ya kwanza ni kama shilingi 71,000 kabla ya nauli, ushuru na faida ya mwenye duka.

Hata hivyo, sisemi kwamba mashine yenyewe ni hasara. Kama ina mahali pa kutia diski, na kama inatumiwa namna michezo hii inavyotumiwa hapa kwetu, yaani vijana wawili mbele ya televisheni moja, kila mmoja na padi yake, na wengine wanne nyuma wakisubiri zamu, basi gharama yake inagawanyika vizuri kuliko ya starehe nyingi. Mchezo wa namna hiyo hauhitaji ada yoyote ya mtandao. Vibanda vya michezo ya video katika mitaa yetu vimesimama juu ya msingi huo huo, na msingi wenyewe ni diski. Mwenye kibanda huinunua ikiwa imetumika, huicheza mpaka wateja waichoke, kisha huibadilisha kwa nyingine na kuongeza pesa kidogo.

Walimu wa fasihi wanaujua uchumi huu, kwa maana ndio wa vitabu teule. Riwaya iliyonunuliwa kwa ajili ya kifungua mimba humfikia kitinda mimba ikiwa haina jalada, imeandikwa pambizoni kwa kalamu za rangi tatu, lakini haijapoteza sura hata moja. Baadaye huuzwa kando ya barabara na kumsaidia mtoto wa mtu mwingine. Leseni haina mdogo wa kurithi. Haiuzwi, haiazimwi, haibadilishwi. Ndiyo maana ninaitilia shaka ile mashine isiyo na diski, japo ni ya bei nafuu kidogo: tofauti ile ya dola 50 hulipwa mara nyingi baadaye, maana mwenye nayo hana soko la mitumba la kukimbilia. Toleo la gharama zaidi, PlayStation 5 Pro, lilipotoka Novemba 2024 kwa dola 699, halikuwa na mahali pa diski. Kifaa chake huuzwa kando. Nintendo nayo, tangu mashine yake ya Switch 2 ilipotoka Juni 2025, imeruhusu kuuzwa kadi ambazo hazina mchezo ndani, bali ufunguo wa kuupakua tu.

Ada ya usajili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa huonekana ndogo. Wenye PlayStation 3 walicheza na wenzao mtandaoni bila malipo. Ilipokuja PlayStation 4 mwaka 2013, sehemu kubwa ya michezo ilidai usajili wa PlayStation Plus kwa kazi ile ile. Kule Marekani usajili wa chini kabisa uligharimu dola 50 kwa mwaka, ukawa dola 60 mwaka 2016, ukafika dola 80 mwaka 2023. Mtu atakayelipa dola 80 kwa miaka sita atakuwa ametoa dola 480, karibu bei ya mashine ya pili, naye siku atakapoacha kulipa hatabaki na hata mchezo mmoja kati ya ile aliyopewa kila mwezi. Microsoft nao waliupandisha usajili wao mkubwa wa Game Pass kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi, Oktoba 2025.

Ningekuwa mwanafunzi mwenye likizo ya wiki nne na mtandao wa kutegemewa, huenda ningelipia mwezi mmoja, nikacheza nilichokitaka, nikafunga. Kulipa mwaka mzima huku nusu yake ukiwa darasani na katika mitihani ni kupanga nyumba usiyolala. Tena kwa Mkenya kuna la ziada. Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta wafungue akaunti za PlayStation, mchezo huo uliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyokuwa na huduma hiyo, Kenya ikiwemo. Kelele za wateja ziliwafanya wafute sharti hilo. Lakini ilidhihirika kwamba vijana wetu wengi wenye akaunti hizo wamejiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine, wakitumia vocha za huko, ilhali mkataba unamtaka mtumiaji aseme kweli kuhusu aliko. Anayelipa kodi ya nyumba kwa jina la jirani hana wa kumlalamikia mlango ukifungwa.

Limebaki suala la michezo ya zamani inayong'arishwa na kuuzwa upya. The Last of Us ulitoka mwaka 2013 kwa PlayStation 3. Mwaka 2014 uling'arishwa kwa PlayStation 4. Mwaka 2022 uliundwa upya kwa PlayStation 5 na kuuzwa kwa dola 70, hadithi ikiwa ile ile na maneno ya wahusika yale yale. Mimi nina Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2004 nililinunua kwa sababu lilikuwa na maneno ambayo la kwanza halikuwa nayo. Lile la kwanza halikufutika rafuni ili nilazimike kununua la pili. Kipimo hicho chafaa hapa. Resident Evil 4 wa mwaka 2005 ulipoundwa upya mwaka 2023, ulikuwa kazi nyingine kabisa kwa mkono wa mchezaji, na anayeulipia ana hoja. Mchezo uliopakwa rangi tu hauna hoja hiyo. Mbaya zaidi ni yaliyotokea mwaka 2021, pale Rockstar walipoondoa matoleo ya awali ya michezo mitatu ya Grand Theft Auto katika maduka ya mtandao na kuleta mapya yaliyojaa kasoro, hata wakalazimika kuomba radhi.

Lazima tuseme haki, ung'arishaji huo wakati mwingine huokoa. Shirika la Video Game History Foundation lilitangaza mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Penye upungufu wa namna hiyo, toleo jipya ni bora kuliko ukimya. Lakini uhaba huo wameusababisha wenyewe kwa sehemu kubwa. Nintendo walipofunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U mwezi Machi 2023, michezo iliyokuwa ikipatikana humo tu ilikosa pa kununuliwa.

Kule Ulaya, raia zaidi ya milioni moja walikuwa wametia sahihi kufikia Julai 2025 kutaka kampuni zilazimishwe kuiacha michezo katika hali ya kuchezeka hata baada ya seva kuzimwa. Kwamba linawezekana, Ubisoft wenyewe walionyesha mwaka huo huo, walipoupa The Crew 2 uwezo wa kuchezwa bila mtandao.

Nasi tunaofundisha lugha tuna kazi ndogo. Maduka haya yatakapotafsiriwa kwa Kiswahili, mfasiri atalikuta lile neno la kwenye kitufe, na kishawishi kitakuwa kuandika 'nunua'. Aandike 'lipia'. Kitenzi hicho kinasema pesa zimetoka, na hakiahidi zaidi ya hapo.