Wepesi wa gurudumu usigeuke ajali: Fahamu vifungio vya baiskeli

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

BAISKELI ni chombo kinachotegemewa na wakazi wengi wa wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Hubeba madumu ya maji, magunia ya mahindi, mkaa, na mara nyingine abiria. Kwa miaka mingi baiskeli hizo zilikuwa za aina moja, yaani zile nzito za chuma ambazo magurudumu yake hufungwa kwa nati na spana.

Hali hiyo imebadilika. Pamoja na mitumba ya nguo na viatu, nchini huingia pia baiskeli zilizotumika za mbio na za milimani, ambazo magurudumu yake hayafungwi kwa nati. Badala yake hutumia fito nyembamba ya chuma inayopita ndani ya ekseli yenye tundu, ikiwa na mkono mdogo upande mmoja na nati ya kuzungusha kwa vidole upande wa pili. Mkono huo ukilazwa, gurudumu hukazwa. Ukiinuliwa, gurudumu hulegea bila spana.

Kifaa hicho kina historia ndefu. Inasimuliwa kuwa mwezi Novemba 1927, mwendesha baiskeli wa Italia, Tullio Campagnolo, alikuwa akipanda mlima wa Croce d'Aune katika mashindano huku theluji ikianguka. Vidole vyake viliganda kwa baridi akashindwa kufungua nati za gurudumu la nyuma. Kisa hicho kinatajwa kuwa ndicho kilichomfanya abuni kifungio cha mkono mwaka 1930. Miaka mitatu baadaye alianzisha kampuni yenye jina lake katika mji wa Vicenza.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mkono wa kifungio si nati ya kuzungushwa mpaka ikaze. Ndani yake kuna kipande chenye umbo linalokaribia yai. Mkono unapolazwa, kipande hicho huvuta fito kwa nguvu kubwa na kuyabana masikio ya uma au ya fremu. Mtu anayeuzungusha mkono kama nati, kisha akauacha bila kuulaza, huwa hajafunga gurudumu hata kama linaonekana limeshika.

Vifungio hivyo ni vya aina mbili. Katika aina ya kwanza, kipande hicho kimefichwa ndani ya kasha la chuma, hivyo vumbi na tope havikifikii kwa urahisi na grisi yake hudumu. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo nyepesi, kipande hicho kiko wazi na aghalabu huegemea kikalio cha plastiki. Vumbi likiingia, msuguano huongezeka. Mtumiaji huona mkono umekuwa mgumu akadhani umekaza, kumbe nguvu yake imeishia kwenye msuguano. Kwa barabara za vijijini zenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, aina ya kwanza ndiyo inayofaa zaidi.

Madini yaliyotumika nayo yana umuhimu wake. Fito za kawaida ni za chuma, na zile nyepesi huwa za titani au alumini. Titani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya ule wa chuma, lakini pia hunyumbulika takriban mara mbili zaidi. Alumini hunyumbulika karibu mara tatu. Fito inayonyumbulika huweza kubana kidogo kuliko ya chuma hata mkono ukilazwa kwa nguvu ileile.

Je, wepesi huo unaokoa nini? Jozi moja ya vifungio vya chuma huwa na uzito wa kati ya gramu 110 na 150, na jozi nyepesi huweza kuwa na nusu ya hapo. Tofauti ni kama gramu 70. Mwendeshaji wa kilo 65 akiwa juu ya baiskeli ya kilo 10, gramu hizo hazifiki hata sehemu moja katika elfu ya uzito wote. Chupa ya nusu lita ya maji ina uzito wa mara saba ya kiasi hicho. Isitoshe, kifungio kiko katikati ya gurudumu, hivyo kukipunguzia uzito hakusaidii mzunguko kama kupunguza uzito wa rimu au tairi.

Kwa upande mwingine, hasara ya kifungio kulegea ni kubwa. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto hupanda karibu mita 1,000, na anayeshuka huko kwa kasi gurudumu la mbele likachomoka hana muda wa kujiokoa. Mwaka 2015 kampuni ya Trek iliita takriban baiskeli 900,000 nchini Marekani zirekebishwe, baada ya kubainika kuwa mkono wa kifungio cha mbele ukiachwa wazi ungeweza kunasa kwenye diski ya breki. Kwa sasa baiskeli nyingi mpya zenye breki za diski hutumia ekseli nene inayopenya na kuskurubiwa kwenye uma.

Mnunuzi anashauriwa kupima urefu kwanza. Habu ya mbele kwa kawaida ni milimita 100, na ya nyuma ni 130 kwa baiskeli za barabarani au 135 kwa za milimani, hivyo fito za mbele na nyuma hazibadilishani. Wale wenye fremu ambazo masikio yake ya nyuma yamelala wachague fito ya chuma, kwa kuwa mnyororo huvuta gurudumu mbele kila pedali inapokanyagwa.

Wakati wa kufunga, mkono uanze kuleta ukinzani unapokuwa umenyooka kuelekea nje, na ukishalazwa uache alama kwenye kiganja. Kabla ya safari, inyanyue baiskeli mbele na uligonge tairi kwa kiganja kutoka juu. Likicheza, fungua na ufunge upya.

Na kwa baiskeli ya kubebea mizigo, nati za kawaida na spana bado ndizo chaguo salama. Gramu chache zinazozidi hazitasikika chini ya gunia la mahindi.