Mtoto Anayezirai Akikimbia

Leo tunazungumza kuhusu moyo wa mtoto, na hasa mtoto anayeanguka ghafla katikati ya mchezo.

Hebu fikiria. Ni wakati wa mapumziko shuleni na watoto wanafukuzana uwanjani. Msichana wa miaka tisa yuko mbele ya wenzake. Mara anaanguka kama gunia, macho yamegeuka, mikono inatetemeka. Baada ya muda mfupi anaamka na kujifuta vumbi. Mmoja anasema ni njaa. Mwingine anasema ni kifafa. Jioni, jirani ananong'ona kwamba mtoto amerogwa. Lakini hakuna aliyeuliza swali moja muhimu: alikuwa akifanya nini alipoanguka?

Ili tuone umuhimu wa swali hilo, tutazame kwanza jinsi moyo unavyopiga.

Mama, unajua kalsiamu. Ni madini yaliyomo katika maziwa, omena na mboga za majani, na umeambiwa mara nyingi kwamba hujenga mifupa na meno. Lakini kalsiamu ina kazi nyingine. Bila kalsiamu, moyo haupigi. Jambo hili lilijulikana mwaka 1883, kupitia kwa daktari wa London aitwaye Sydney Ringer. Alikuwa akiweka mioyo ya vyura ndani ya maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Baadaye akagundua kwamba maji yale yalikuwa yametengenezwa kwa maji ya mfereji. Alipotumia maji yaliyosafishwa hadi yakabaki bila madini yoyote, mioyo ilidhoofika ikasimama. Alipotia kalsiamu kidogo, ikapiga tena.

Moyo ni msuli, na msuli huo umejengwa kwa chembechembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe kuna ghala la kalsiamu. Lifikirie kama tangi la maji lenye mfereji na pampu. Umeme mdogo wa moyo unapopita, kalsiamu kidogo huingia kutoka nje ya chembe. Hiyo kidogo hufungua mfereji wa tangi, na kalsiamu nyingi humwagika ndani ya chembe. Msuli unajikaza na damu inasukumwa. Kisha mfereji unafungwa, pampu inarudisha kalsiamu kwenye tangi, na msuli unalegea. Huo ni mpigo mmoja. Kwa mtu mzima kazi hii hurudiwa karibu mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana.

Sasa, je, mfereji ukivuja?

Kuna watoto wanaozaliwa na mfereji dhaifu. Wakiwa wamekaa au wamelala, hakuna shida. Lakini mtoto anapokimbia, anapoogelea, anaposhtuka au kukasirika, mwili hutoa homoni ya adrenalini. Adrenalini huusukuma moyo ufanye kazi kwa nguvu zaidi. Pampu inajaza tangi kupita kiasi, na mfereji ule dhaifu unaanza kuvuja wakati ambao ungepaswa kuwa umefungwa. Chembe inajaribu kuitupa nje kalsiamu iliyovuja, na katika kubadilishana huko na madini ya sodiamu, umeme mdogo unazuka. Umeme huo unauambia moyo upige kabla ya zamu yake. Mapigo ya namna hiyo yakifuatana mbio mbio, moyo unatetemeka tu badala ya kusukuma damu. Ubongo unakosa damu na mtoto anaanguka. Akikosa damu ubongoni anaweza pia kutupa mikono na miguu, ndiyo maana watu hudhani ni kifafa.

Madaktari huuita ugonjwa huu kwa herufi nne: C, P, V, T. Mwaka 2001 wanasayansi walitambua kasoro ya urithi inayoharibu mfereji huo. Mara nyingi dalili huanza utotoni, katika umri wa kwenda shule. Ni ugonjwa wa nadra, lakini unaweza kumuua mtoto aliyeonekana mzima kabisa.

Tafadhali mama, usiogope kila mtoto anapozirai. Mtoto aliyesimama muda mrefu gwaride juani, bila kifungua kinywa, akasikia kizunguzungu kisha akalegea, kwa kawaida hana ugonjwa huu. Anayepaswa kukutia wasiwasi ni yule anayeanguka akiwa mbioni, akiwa majini, au mara tu baada ya kushtuka au kulia kwa hasira. Wasiwasi uzidi ikiwa katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au aliyezama ilhali alijua kuogelea.

Ufanye nini? Kwanza, waulize walioona, kisha andika: alikuwa akifanya nini, aliamka baada ya muda gani, na imetokea mara ngapi. Pili, mpeleke hospitalini bila kuchelewa na useme wazi, "Daktari, mtoto wangu alianguka akikimbia." Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu kipimo cha umeme wa moyo cha ECG mtoto akiwa amelala kinaweza kuonyesha moyo ulio sawa. Huenda akahitaji kupimwa akiwa anatembea haraka au kukimbia kwenye mashine, kazi inayofanywa katika hospitali zenye kliniki ya moyo. Omba barua ya rufaa. Hata kama tayari anameza dawa za kifafa, usiziache mwenyewe. Mweleze daktari unachoshuku.

Tatu, matibabu yapo. Dawa zinazopunguza makali ya adrenalini kwenye moyo, kama vile propranololo na nadololo, huwasaidia wengi. Humezwa kila siku, hata mtoto akijisikia vizuri. Kama ana pumu, mwambie daktari kabla. Mashindano ya mbio na kuogelea yasimame mpaka daktari aseme, na mwalimu aelezwe. Ndugu zake na wazazi nao wapimwe.

Wengi huuliza, "Basi nipunguze maziwa?" La. Shida iko kwenye mfereji ndani ya chembe, haiko kwenye kikombe. Mtoto aendelee kula vyakula vyake. Vidonge vya kalsiamu navyo haviponyi ugonjwa huu.

Na akianguka mbele yako? Usimtie kijiko mdomoni, usimpe maji. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama haitiki na hapumui, piga kelele upate msaada, mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka apumue au msaada ufike.

Mama, wewe ndiwe unayemjua mtoto wako kuliko mtu mwingine yeyote. Daktari hakuwepo uwanjani. Habari utakayomletea ndiyo itakayomwonyesha njia.